Risasi ya Kipumzisho cha Mama

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto
Umri: miaka 15
Kazi: mwanafunzi, kidato cha pili
Makazi: nyumba ya nyuma ya karakana ya mageti
Aliyefuatana naye: mama mzazi

Leo ni Alhamisi, tarehe 19, saa mbili na nusu asubuhi. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Naahidi kueleza yote ninayoyajua kuhusu ile karatasi, hata yale yanayonitia aibu. Afande wa mapokezi ameniruhusu niandike kwa mkono wangu.

Mama anafanya kazi ya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Anarudi saa moja asubuhi, anaoga, analala. Saa tatu karakana inaanza kukata vyuma, na usingizi wake unaishia hapo. Mwezi uliopita alisinzia kazini akaungua mkono kwenye trei. Siku hiyo niliamua kumtengenezea kitu cha kuvaa machoni, kinachozuia mwanga na chenye spika za masikioni ndani yake. Nimekiita kipumzisho.

Mnamo tarehe 2 nilimaliza cha kwanza. Nilitumia kitambaa cheusi cha bitana na sponji za mabegani kutoka kwenye koti la zamani la mama, kwa sababu zimebonyea katikati na hazigusi kope. Kwenye spika niliweka sauti ya mvua. Mama alivaa, na baada ya dakika tano nikamwona yuko uani.

Nikamuuliza, "Mama, vipi tena?"

Akasema, "Nguo, mwanangu! Nimesikia mvua na nguo ziko kwenye kamba."

Nilibadilisha. Nilijirekodi nikisoma kitabu cha jiografia, kwa kuwa mama mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba nikisoma kwa sauti hafiki mlima wa tatu. Hiyo ilifaa. Ila tatizo likawa spika. Akilalia ubavu zilimuumiza masikio, na nyaya zilikatika kila kitambaa kilipokunjwa.

Tarehe 11, saa kumi jioni, nilikwenda kwa fundi redio, mzee ambaye meza yake ipo mbele ya duka la madaftari. Ndiye mliyemshika. Nilimwamkia, nikamwonyesha. Alicheka, akasema, "Injinia, hii spika ni nene kama kifungo cha koti. Mama yako akilalia ubavu ataamka na muhuri shavuni." Alinipa spika mbili nyembamba za simu zilizokufa, akanifundisha kuunganisha waya. Alinikataza kupuliza kiungo kikiwa cha moto, akasema nisubiri kipoe chenyewe. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita kwake kila nikitoka shule.

Nieleze neno moja hapa, maana ndilo lililotufikisha kituoni. Kile kitu kinachoyeyushwa kwa chuma cha moto ili kushikanisha waya, fundi anakiita risasi. Ni waya laini wa rangi ya fedha, umezungushwa kwenye rola. Kitabu cha fizikia kinasema lehemu. Mezani pa fundi hakuna anayesema hivyo, na mimi nilishazoea kusema risasi bila kufikiri.

Jana, Jumatano tarehe 18, saa moja kasorobo asubuhi, nilipita nikiwa naenda shule. Fundi alikuwa hajafika, na hana simu. Husema akiwa nayo watampigia wenye simu mbovu. Niliandika karatasi nikamwachia mwenye duka la madaftari, ambaye sote tunamwita Meneja. Niliandika hivi, nakumbuka kila neno:

"Shikamoo fundi. Mama bado anashtuka. Leo usikose risasi, ile ya jana haikutosha. Jicho la kushoto nimeshamaliza, limebaki sikio. Nataka alale moja kwa moja. Tufanye mwenyewe asijue."

Niliandika asijue kwa sababu nilitaka akione kikiwa kimekamilika. Sikuandika jina langu kwa kuwa fundi anaujua mwandiko wangu. Hayo ni makosa yangu. Meneja aliisoma akaileta kwenu. Simlaumu. Mimi mwenyewe nimeisoma leo mezani kwa afande, nikaona hata mimi ningeileta kwenu.

Saa kumi na dakika kumi jioni nilifika kwa fundi nikakuta polisi wawili na watu wamejaa. Nilisikia haya kwa masikio yangu.

Polisi mrefu aliuliza, "Mzee, risasi unazo?"

Fundi akajibu, "Ninayo, baba. Ipo kwenye droo. Nyingine ipo nyumbani."

"Unampa nani?"

"Injinia wangu. Ni kwa ajili ya mama yake."

Watu waliguna. Mwanamke mmoja akasema, "Na mvi zote hizo!" Polisi alivuta droo. Nilimwona akiinua ile rola ya risasi, akaiweka pembeni, akaendelea kuitafuta risasi chini yake. Nikasema, "Afande, ndiyo hiyo umeishika." Akaniambia, "Binti, kaa mbali na haya mambo." Fundi alinitazama, akatikisa kichwa ninyamaze. Nadhani alidhani mimi ndiye ninayetafutwa. Walimchukua. Hakuwahi kuvaa viatu vyake vizuri, alikuwa amevikanyaga visigino.

Nilimwambia mama asubuhi hii aliporudi kutoka kazini. Hakulala. Aliniambia tu, "Vaa sare tuondoke."

Nimeleta kipumzisho. Ukifungua mshono wa sikio la kulia utaona waya ambao haujashikwa. Mama yu hapa, ni mzima, anaweza kuulizwa.

Hapa ndipo maelezo yangu yanapoishia. Sikuacha kitu kwa makusudi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Sahihi ya mama: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu na kusomewa tena. Rola iliyotajwa imetolewa kwenye vielelezo nami nimeikagua. Ni waya wa kulehemu. Kipumzisho nimekijaribu kwa dakika tatu. Mkuu wa kituo amepelekewa jalada. Shahidi ameomba kuongeza mistari michache.

Nyongeza ya shahidi: Afande, naomba unijibu hapa chini, kwenye karatasi hii hii, kabla sijaondoka. Fundi atatoka saa ngapi? Nauliza kwa sababu jana watu wote walimwona akipelekwa, na nataka nitembee naye kurudi mpaka kwenye meza yake, watuone.