Nakala kwa Waziri Yule Yule

Baba Neema,

Bado uko juu ya kabati, hapa hapa Woolwich, karibu na redio yako. Ulisema uchomwe, ubaki majivu, ili iwe rahisi kukupeleka kisiwani kwenu, ukazikwe ubavuni mwa mama yako, kwenye kile kiwanja serikali ilichokichukua ikidai ni cha barabara. Barabara haijapita. Imejengwa nyumba ya wageni ya mdogo wake Waziri wa Ardhi.

Nakuandikia Kiswahili, ingawa si lugha ya kisiwani kwenu, kwa sababu nikikasirika Kiingereza hunikimbia. Ulishazoea.

Kosa la kwanza ni langu. Wewe ulitaka kuandika barua moja tu, Wizara ya Ardhi, basi. Mimi, niliyekuwa karani wa masijala Dodoma, nikajifanya mjuzi. Nikakwambia uweke nakala: Wizara ya Sheria, na Wizara ya Afya kwa sababu ya kaburi la mama yako, maana makaburi yako chini yao. Ardhi wakijua wengine wanasoma, watajibu. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Ukacheka, ukasema, "Sawa, mama karani," ukaziandika zote kwa mkono, na vidole vyako vile vilivyovimba. Miaka minne. Kila wizara ilijibu kwa upole kwamba suala lako limepelekwa wizara nyingine.

Mwezi uliopita niliomba kibali cha kukuzika pale. Afya wamekataa. Nikaitazama sahihi, jina halisomeki, ila ina mkia mrefu unaozunguka chini. Nikatoa faili lako, nikapanga barua zote mezani. Ardhi, mkia ule. Sheria, mkia ule. Neema akafungua tovuti ya serikali yenu, akasoma majina ya mawaziri. Halafu akasema, "Mum, it's the same man." Ni mtu yule yule.

Kisiwa kidogo, mawaziri wachache, kila mmoja kabebeshwa wizara tatu, nne. Wewe uliondoka huko una miaka tisa, ungejuaje? Tulikuwa tunamshtaki mwizi kwa mwizi mwenyewe, tena kwa nakala tatu. Na wewe ukafa unasubiri jibu.

Sikulia. Nilichemka.

Jumamosi waziri huyo anakuja London. Atazungumza na watu wa kwenu kwenye ukumbi wa kanisa, Lewisham, wamsemee kwa ndugu zao kabla ya uchaguzi. Nimeombwa kupika pilau. Nitapika. Ikifika zamu ya maswali nitasimama nawe mkononi, nimuulize Waziri wa Ardhi kiwanja kiko wapi. Akimaliza, nitamuuliza Waziri wa Sheria swali hilo hilo. Kisha Waziri wa Afya. Nitamwita kwa cheo kimoja kimoja, mbele ya watu waliomjua mama yako. Nataka jasho limtoke. Nataka arudi kwao hana hata wizara moja. Usinisihi nimsamehe, Desmond, maana ungenisihi.

Vumilia hapo juu ya kabati kidogo, mume wangu. Nakuahidi utalala kwa mama yako, hata kama kibali kitasainiwa na waziri mwingine.

Mkeo,
Mama Neema

Nakala:
Waziri wa Ardhi
Waziri wa Sheria
Waziri wa Afya

Bahasha ni moja. Nitampa mkononi.