Maandishi: Si Lazima

Alhamisi. Baridi ya Julai imeshika Kawangware tangu asubuhi, manyunyu hayakatiki, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Odhis amefutwa kazi leo.

Niandike na sababu yake, kwa kuwa hapa ndipo mahali pekee ninaposema ukweli. Wasomaji wa blogu hii ni wachache, nawajua kwa majina. Mmoja wao ni Odhis.

Kwa asiyetujua: tunatengeneza tovuti za shule, zahanati na makanisa. Tuna chumba kimoja Kibera na kingine huku Kawangware, juu ya duka la chakula cha kuku. Ili tusianze upya kila tunapopata kazi, tuna maktaba yetu ya vipande: vitufe, fomu, menyu, visanduku vya onyo. Kila tovuti inachota humo. Ukibadilisha kipande mara moja kwenye maktaba, kinabadilika kila kinakotumika. Odhis ndiye aliyevijenga vipande hivyo. Kazi yangu ni kuviandikia maelezo, ili anayevichukua ajue vinatumikaje.

Odhis ni fundi hasa, nakubali shingo upande. Hata blogu hii alinijengea yeye, kwa vipande vya maktaba, nilipokuwa mgeni, tukinunuliana chai. Nikitaka kuchapisha, kisanduku chake huniuliza kwanza, "Nekesa, una uhakika?" Zamani nilidhani huo ni upole.

Kisha siku moja nikavuruga maktaba, vitufe vikapotea kwenye kila tovuti, naye akaanza utani. Kila kipande kinahitaji mfano wa maandishi, na kwenye kila mfano akaweka jina langu. Kitufe cha kufuta: "Nekesa amefutwa." Kisanduku cha onyo: "Wee Nekesa! Umeboronga tena. Rudi shule." Akawaonyesha wanafunzi tunaowafundisha kazi hii Kibera, kwa projekta, picha imejaa ukuta mzima, wakacheka mpaka mmoja akatoka nje kupunga hewa. Tangu hapo naitwa Boronga. Niaje Boronga. Boronga, umekula? Hata mama wa chapati hapa chini ananiita hivyo, na hajui jina lilitoka wapi. Nilicheka nao, ili nisionekane nina kiburi.

Sikumsamehe hata siku moja.

Mwezi uliopita, nikiandika maelezo ya kisanduku cha onyo, niligundua jambo. Ule utani haukuwa mfano tu. Mjenzi wa tovuti akisahau kuweka maneno yake mwenyewe, kisanduku kinatoa ya Odhis. Nikaandika tahadhari nzuri kabisa: "Usiache sehemu hii wazi, maneno ya utani yatamtokea mteja." Nilikuwa naisoma tena niliposikia mtu mlangoni akiuliza Boronga yuko wapi. Nikaifuta. Mbele ya neno "Maandishi", kwenye jedwali, nikaandika: "Si lazima."

Si uongo. Kipande kinafanya kazi vizuri tu bila maandishi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na usiku huo nililala fofofo.

Halafu mwenzetu mmoja wa Kibera akajenga fomu ya kanisa fulani, ya kuomba basari, msaada wa karo ya sekondari. Maskini alisoma maelezo yangu kwa bidii, akaacha wazi kila palipoandikwa si lazima. Fomu ilifunguliwa jana.

Leo asubuhi akaja mama mmoja anayeuza samaki wa omena huko Kibera, anaitwa Mama Quinter. Alikuwa ametembea kwenye manyunyu hayo yote, leso imelowa mabegani. Alijaza fomu ya bintiye kwenye cyber, akakosea nambari ya kitambulisho, na skrini ikamjibu huku watu wa foleni wakisoma. Akatafuta chini ya ukurasa ofisi yetu iko wapi, akaja.

Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akatuuliza:

"Ni nani aliwaambia mimi sikusoma?"

Akajipangusa uso kwa ncha ya leso.

"Hiyo jina Nekesa si yangu," akasema. "Lakini hiyo ingine ni mimi. Niliwacha shule class three. Sasa mtoto mmemnyima juu ya hiyo?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nilimletea kiti. Madam Florence, mwenye ofisi, alikaa naye akamjazia fomu upya kwa mikono yake, kisha akampigia Odhis simu aje kutoka Kibera mara moja.

Alifika amelowa, hajui kitu. Madam akamgeuzia skrini mbele yetu sote.

"Hii ni nini, Odhis?"

"Madam, hiyo ni joke. Ni ya sisi wa ndani tu."

"Huyu mama ni wa ndani?"

Odhis akamtazama Mama Quinter, kisha mimi. "Kwani docs hazisemi?"

Madam akafungua maelezo yangu, akasoma kwa sauti: maandishi, si lazima. Akaufunga ukurasa.

"Umemtukana huyu msichana kila mahali, na hata hukumwambia itatokea kwa wateja. Angejuaje?"

Angejuaje. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikatazama sakafu. Machozi yakanilengalenga, ya kweli kabisa, sijui yalitoka wapi. Mtu mmoja akanishika bega.

Odhis alimwomba Mama Quinter msamaha kwa Kijaluo, mama akageuza uso. Madam akamwambia kazi yake imeishia hapo. Kisha Odhis akaanza kukunja waya wa chaji yake, taratibu, akaufunga kwa lastiki kama anavyofanya kila siku. Mkewe anatarajia kujifungua mwezi ujao. Nilijua hilo nikimtazama, na nilifurahi. Nilifurahi mpaka ikabidi nijifanye napanga karatasi mezani.

Mchana nimeachiwa maktaba yote. Madam alitaka kwanza niondoe matusi, kisha niondoe jina langu. Matusi nimeyaondoa. Jina langu nililitafuta katika maktaba nzima kwa amri moja, na kila lilipokuwa nikaweka la Odhis. Madam hakusema niweke la nani. Kwa hiyo sasa mfano wa kitufe cha kufuta unasema, "Odhis amefutwa." Wanafunzi wale wale wameuona, wakacheka vile vile.

Jioni nikiwa nateremka kuelekea nyumbani, upande wa Riruta, ujumbe wa Odhis ukaingia.

"Boronga. Sorry, Nekesa. Nisamehe kwa hiyo stori ya jina, nilikuzoea vibaya. Hiyo kitu ilikuwa imenitoka kichwani kabisa, ningekuambia. Please weka warning kwa docs isichome mtu mwingine."

Nimeiweka. Sikuhitaji hata kufikiri, nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno.

Nimekaa hapa kitandani na blanketi miguuni, najichunguza. Kwa Odhis bado sioni huruma. Kwa yule mama naona aibu, aibu hasa, kwa sababu nilijua mtu ataumia na sikujali awe nani. Alikuja kuuliza ni nani aliyewaambia, na jibu lilikuwa limemshikia kiti.

Nikichapisha haya, Odhis atayasoma kabla ya kulala, kesho atampelekea Madam, na kazi itarudi kwa mwenyewe. Mimi nitaukunja waya wangu. Nisipochapisha, hakuna atakayejua. Kuchapisha si lazima.

Nimebonyeza Chapisha. Kisanduku kikafunguka katikati ya skrini na vitufe vyake viwili, Ndiyo na Rudi, nikaganda. Nilikuwa nimesahau kwamba blogu hii nayo inachota kwenye maktaba, na kwamba mchana nilibadilisha jina kote.

Nimebonyeza Rudi nikaongeza aya hizi mbili. Sasa nabonyeza Chapisha tena, na najua dirisha litakuwa lile lile, litakaa juu ya maneno yangu likingoja:

"Odhis, una uhakika?"