Gari Liwe Baridi Nikitoka

Jumatatu, 3 Machi

Makala imetoka! Ukurasa wa tatu, na ile picha yangu ya kukunja uso. "Mwizi Ana Mpira na Dumu." Nimeisoma mara mbili kabla ya chai, kisha tena kwa sauti. Inauma. Ndivyo nilivyotaka.

Nimewakaanga madereva wote wanaofyonza mafuta kwenye magari ya ofisi za watu. Na wa kwangu nimemweka humo humo: "Hata huyu anayeniendesha mimi, hata kama ni mtu wa nyumbani kwangu." Jina sikuandika. La nini? Gazeti zima linajua dereva wangu ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Kazi nilimtafutia mimi.

Bosi wa magari alitaka kujua kwa nini tangi letu linakauka katikati ya wiki wakati wenzetu wanafika Jumamosi. Nikamjibu kwa makala. Ndivyo nilivyo. Kwenye ukweli sina ndugu.

Simu hazikatiki. Mmoja ameniita simba. Mke wangu ameweka chai mezani, akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kasimamishwa kazi. Kikao ni Ijumaa saa nne: arudi au afukuzwe.

Amenikabidhi funguo pale mapokezi. Nilikuwa nimejiandaa. Kila utetezi wake nilikuwa nimeshaupangia jibu, na jibu la jibu. Akasema tu tairi la nyuma kushoto linataka upepo.

"Huna la kusema?" nikamuuliza.

"Wewe si umeshasema, shemeji."

Usiku wa jana mke wangu alinuna, leo amefungua mdomo. Kama nilikuwa na swali kwa mdogo wake, sebule ipo. Nikamwambia haya ni mambo ya umma. Akasema, "Na mama yangu je, si umma? Amesomewa gazeti na jirani!"

Sawa. Nimejaza tangi mpaka juu na nitaendesha mwenyewe wiki hii. Leo nimezunguka mji mzima, mshale haujatikisika. Umeona? Mikono safi hiyo!

Jumatano, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mama mkwe alikuwa na kliniki ya macho. Kawaida shemeji ndiye humpeleka siku yake ya mapumziko. Mke wangu hakuniomba, alinitazama tu. Nikaenda. Mama na binti yake wakaingia, mimi nikabaki garini. Uwanja wa hospitali hauna hata kivuli cha nguzo. Nikawasha kiyoyozi, nikalaza kiti, nikasoma, nikasinzia. Foleni ya macho haina haraka.

Nilipoamka, mshale ulikuwa umeshuka.

Nilichofanya — nakiandika ili nikione — nilishuka nikapiga magoti kwenye lami kumtafuta mwizi. Nilichungulia chini ya gari. Nikanusa mfuniko wa tangi. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamuuliza nani amelikaribia gari langu. Akaniambia hakuna, mzee, ulikuwa umelala humo na gari linanguruma tangu asubuhi.

Linanguruma.

Nilisimama pale na magoti yamejaa mchanga. Gari halikuwa limeenda popote. Injini ilikuwa inafanya kazi nusu siku nzima ili mimi nisitoke jasho!

Wakatoka. Mama mkwe, jicho moja lina bandeji, akajipenyeza nyuma akashusha pumzi. "Humu ndiyo baridi yenyewe anayoisema mwanangu." Mke wangu akamwambia, mama, basi. Hakuacha. Akasema mwanawe alikuwa anarudi nyumbani na kikohozi kwa kukaa humo. Alimwambia azime. Kijana akajibu hawezi, shemeji akitoka akikuta joto atagomba.

Nikamuuliza mbona hakulisema hilo ofisini. Swali la kipumbavu. Nilijua jibu kabla halijatoka.

"Aseme nini, baba? Amchongee mume wa dada yake?"

Njia nzima nilishika usukani kama mwanafunzi. Ni mimi. "Usizime. Gari liwe baridi nikitoka." Nilimwambia siku ya kwanza na sikurudia, maana yeye si wa kurudiwa. Nami naalikwa redioni, ndani ya studio nabishana, kipindi kinaisha, naendelea kubishana kwenye korido, nafuatwa mpaka kwenye ngazi, bado nabishana. Saa ngapi hizo kwa wiki? Na yeye nje, anakohoa, analinda baridi yangu.

La kuchekesha ni kwamba mimi ndiye mtaalamu! Nilishawahi kuwasomesha wenzangu kantini kwamba kiyoyozi hakili mafuta ya maana, kwamba ukikimbia barabara kuu vioo wazi vinakula karibu sawa na chenyewe, kwa sababu ya upepo. Nilisoma mahali. Ni kweli, kwa gari linalokimbia. Lililosimama linapigana na upepo gani? Nilisoma nusu nikahubiri nzima.

Mke wangu hajanisuta. Afadhali angenisuta.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimemwambia mhariri kila kitu. Akafunga mlango. Nikadhani atanifokea. Akacheka! Shemeji wako hata akifukuzwa atapata kazi nyingine, akasema, wewe jina jingine utalitoa wapi? Niseme kikaoni ni hitilafu ya gari. "Gari halitakushtaki, bwana." Kijana atarudi, makala itabaki, kila mtu mzima.

Nilimwambia nitafikiria. Mimi! Ambaye nimeandika miaka yote kuhusu watu wa "nitafikiria".

Mchana redio. Walinialika kuizungumzia makala. Nilikwenda nimeamua, sentensi iko mdomoni. Mtangazaji akanikaribisha: mtu asiyeogopa hata shemeji zake! Wakapiga makofi ya mashine. Na mimi nikafungua mdomo, ikatoka ile sauti. Ile ile. Nikanguruma kuhusu dumu na mpira. Nikatoa mifano. Nikachekesha. Ilikuwa tamu, Mungu nisamehe, ilikuwa tamu mpaka taa nyekundu ilipozimika.

Nikatoka nje. Gari lilikuwa tanuri. Niliingia nikakaa hivyo hivyo, vioo juu.

Nyumbani, redio ya jikoni imegeuzwa uso kwa ukuta. Chakula changu kimefunikwa. Mke wangu amelala chumba cha watoto.

Nimejaribu kuandika nitakachosema kesho. Rasimu ya kwanza inamshambulia bosi wa magari. Ya pili, mhariri. Ya tatu inashambulia jua! Sijui kuandika kitu kisicho na adui.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika garini. Niko nje ya nyumba ya mama mkwe, shemeji anakaa kwake. Nimekuja kumchukua. Injini nimezima. Karatasi inashikana na mkono kwa jasho.

Mlango unafunguliwa. Shati jeupe, limepigwa pasi, vifungo mpaka kooni. Mama yake anamtengeneza kola kwa kupapasa, kama vile anakwenda kuoa. Ameniona.

Amekuja mpaka dirishani. Hajakasirika — laiti angekasirika. Anasema, "Washa AC basi, shemeji. Utafika umelowa." Nikasema hapana. Akakubali. Kiti cha mbele, cha pembeni yangu, nimekijaza magazeti, basi akafungua nyuma, akakaa pale ninapokaa mimi akiniendesha. Sikumwambia kitu. Namwona kwenye kioo. Naye ananiona.

Ameuliza kama tunachelewa. Nimemwambia dakika moja tu, namalizia.

Namalizia nini? Ni maneno mawili. "Ni mimi." Ayasikie hapa kwanza, kabla ya kikao, maana nikifika kule nitapata hadhira, na nikipata hadhira najijua.

Nimesema, "Shemeji."

Ameinua macho. Haniharakishi. Amekunja mikono, joto linampiga, ananingoja kama alivyokuwa akiningoja siku zote, na mimi bado nimeshika kalamu, bado