Mashina Mawili ya Mjomba Wafula

Mama yangu, baridi ya Kitale inakutendeaje? Huku Kampala mvua inanyesha jua likiwaka, na mimi nimekasirika hadi rolex, ile chapati yao ya mayai, imenikwama kooni.

Hapa Kabalagala nimekaa meza moja na mtalii Mmarekani. Kanionyesha kwenye simu duka la mtaani kwao: bangi ndani ya kabati za vioo kama keki, wazee wamepanga foleni, risiti mkononi. Eti kila mwaka maduka yanaongezeka, na serikali ya jimbo lao inajivunia! Nikamweleza Mjomba Wafula yuko gerezani kwa mashina mawili tu ya bangi, ya kuwatilia kuku kwenye maji wakiugua. Unajua alisema nini? "Pole. Na kuku walipona?"

Mama Zaituni, mwenye hoteli, akagonga meza, akamgeukia Mmarekani na Kiswahili chake cha Kampala. "Wewe kwenu napewa risiti, mjomba yake napewa pingu, halafu wewe nauliza kuku?"

Jumapili ukimpelekea Mjomba sabuni, nisalimie sana. Habari za ile foleni usimwambie, Mama. Mwambie tu kuku wake walipona wote.

Binti yako, Nekesa