Nyumba Yako Kwenye Ramani

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na mapenzi yale yale ya siku zote. Vipi mgongo? Bado yule mama unayemfanyia kazi anakupandisha ngazi na ndoo za maji? Jipake ile dawa, usijifanye chuma. Sisi huku wazima, ila goti langu linanisumbua na usingizi umenikimbia. Mwandiko wangu unaujua, mimi ni wa darasa la nne, kwa hiyo soma polepole. Na usome ukiwa umekaa.

Kwanza nikupe la furaha. Binti yetu amemaliza chuo, tena amekuwa wa kwanza. Unakumbuka ulivyomtania, ukasema kile chuo cha jamii kinafundisha cherehani tu, ukamwuliza ramani inaliwa na mboga gani? Sasa yule mwalimu wao wanayemwita Bwana Setilaiti amempa mkono mbele ya watu wote. Masomo yenyewe yanaitwa mifumo ya taarifa za kijiografia. Jina hilo nimelikariri wiki nzima ili nikuandikie bila aibu.

Siku moja alinionyesha kazi yao kwenye kompyuta. Wanautandika mji kama sisi tunavyotandika kitanda: shuka ya mito, juu yake shuka ya barabara, juu yake shuka ya nyumba. Ukivuta ile ya juu, nyumba zote zinatoweka, mto unabaki peke yake. Nilipiga kelele nikamwambia azirudishe upesi, akacheka mpaka akashika mbavu.

Kazi yao ya mwisho ilitoka manispaa. Walitaka kupanua mto kule bondeni kwenu, wakaomba wanafunzi wachore nyumba zote za kando. Wengine wakapangiwa machimbo ya mawe. Bwana Setilaiti aliweka sheria moja: mwanafunzi asiende mahali penye ndugu zake, asije akapendelea, na atakayedanganya cheti hapati. Binti akapangiwa machimbo. Mdogo wangu, wale wanaume wa machimbo unawajua midomo yao, na mikono yao pia. Nikamwambia aombe bonde, aseme hana ndugu kule. Akasema huo ni uongo. Nikamwuliza, mama yako mdogo yuko bondeni sasa hivi? Hayupo. Basi huna ndugu kule. Tukacheka wote wawili.

Tukaenda pamoja, mimi nimebeba mwavuli na chupa ya maji. Kila mlango anasimama, simu inaweka alama ya mahali pale, anaandika jina la mwenye nyumba, kisha anachagua kama nyumba ina watu au ni tupu. Fundi viatu jirani yako alimwomba amwongezee ghorofa moja kwenye ramani, akaahidi kumshonea kandambili za harusi. Watu walitupokea vizuri kwa sababu yako. Walikuulizia.

Kwako tukakuta kufuli. Ufunguo ninao mimi, wajua, nilikuwa nao kifuani. Binti akaanza kuandika jina lako, akasita. Baba yake alipotukimbia nilimpa jina la ukoo wetu, kwa hiyo lako na lake ni moja, na Bwana Setilaiti anasoma kila jina. Akanitazama. Mimi nikatazama kufuli. Akabonyeza tupu. Akasema huo si uongo, kwani ndani hamna mtu. Maneno yangu mwenyewe hayo, akanirudishia kama chenji.

Hatukujua manispaa wataifanyia nini ile ramani. Baadaye wakaibandika ukutani nje ya ofisi yao, ndani ya kioo. Zenye watu zimepakwa kijani, hao wanapewa viwanja kule mlimani. Tupu zimepakwa kijivu, hizo zinavunjwa na mwenyewe hapati kitu. Aliyekosewa aje mwenyewe na kitambulisho chake kabla ya mwisho wa mwezi. Fundi viatu alipoona kijani chake alikibusu kioo, watu wakacheka. Yako ilikuwa kijivu. Nilisugua kioo kwa kidole, labda ni vumbi.

Binti alilia. Alitaka kwenda kwa mwalimu aseme yote, na cheti kikipotea kipotelee mbali. Manispaa walikuwa wamekwisha kumwahidi kazi, mdogo wangu. Meza yake mwenyewe, na kiti kinachozunguka. Nikakaa mlangoni nikamwambia atanipita mimi kwanza. Hakunyamaza. Ndipo nikamwambia nimekupigia simu, nimekueleza kila kitu, na wewe umesema nyumba iende, mtoto asome. Akanyamaza palepale. Akasema Mama mdogo ana roho ya pekee.

Ile Jumapili uliyopiga kuuliza kama paa linavuja, siku za kulalamika zilikuwa bado zipo. Nikakujibu halivuji. Na kweli lilikuwa halivuji. Ukaniambia umeshanunua pazia la dirisha la mbele, la maua ya bluu, na ukirudi hutoki tena. Nikakwambia bluu itapendeza.

Wamevunja Jumanne. Kitanda na masufuria nilivitoa mapema, na mlango niliomba waung'oe vizuri. Nimeufunga jikoni kwangu, unakaa sawasawa. Binti ameanza kazi. Nakala ya ile ramani ameiweka kwenye fremu na kuitundika sebuleni, na kila mgeni akija anamwonyesha kile kijivu chako kidogo, anasema hapa ndipo nilipopatia cheti, Mama mdogo alinipa.

Utajiuliza mbona sikupiga simu, nikakaa na kalamu. Simu ingekufikia mapema. Ungepanda basi ukaja na kitambulisho chako, na wangekubadilishia rangi siku ileile. Mimi nakujua.

Ukirudi, godoro lako lipo, utalala chumba kimoja na mimi kama zamani. Binti anasema siku utakayoingia atakupigia magoti kukushukuru. Mwinue, mdogo wangu. Mwinue tu, umwambie si kitu. Mimi unaweza kunifanya utakavyo, lakini yeye usimwambie.

Nisalimie yule mama wa ngazi, na fundi viatu anakusalimu kutoka mlimani. Pazia usilirudishe dukani. Dirisha langu la mbele linakaribiana kwa ukubwa na lako lilivyokuwa.

Wako anayekupenda,
Dada yako