Vidonge Ulivyomtumia Mama

Wete, Pemba

Kwa kaka yangu Zubeir,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe, wifi Shadya na watoto. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila roho yangu haijatulia hata kidogo. Nimempa Bi Mwatima, anayesafiri kuja huko, akuletee kwa mkono kwa sababu simu imenishinda. Mama anataka spika iwe wazi, na nikitoka uani ananifuata kuuliza nasema na nani.

Vidonge vimefika. Mama alifurahi mno, akawaonyesha majirani dawa ya chafya aliyotumiwa na mwanawe, na papo hapo akataka kuweka kimoja chini ya ulimi. Nikamsihi asubiri, nikavipeleka kwa daktari.

Daktari hakuvikashifu. Alisema vinawafaa wengi wenye mzio wa vumbi, na mdomo kuwasha au koo kukereketa siku za mwanzo si ajabu. Lakini cha kwanza huwekwa mbele ya daktari, mgonjwa akaangaliwa kama nusu saa, maana mara chache koo huvimba. Kisha akauliza nani alimpima Mama. Nikamweleza kwamba ni wewe uliyekwenda hospitali huko kumsemea, kama tunavyosemeana sote.

Tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Vidonge nimevificha, na kila mara navihamisha, mara kwenye pipa la mchele, mara kwenye mkoba wangu. Mama anapekua. Amenishitaki kwa jirani yetu Mzee Ngwali kwamba namnyima dawa ya mwanawe, akauliza kitu kisichomezwa, kinachoyeyuka tu chini ya ulimi, kitamdhuru vipi. Nikienda sokoni nanunua mbio mbio, nachelea nitamkuta ameshakiweka.

Kaka, sasa nakwambia nililoapishwa nisikwambie. Mama ana pumu. Kifua kinambana hadi anashindwa kumaliza neno, na bomba lake la kuvutia dawa analificha chini ya mto kila ukipiga simu ya video. Daktari amesema mwenye kifua kisichotulia kama chake asiviguse kabisa. Wewe huko ulisema anaumwa pua tu, na hukudanganya, ndivyo tulivyokwambia.

Nilimuuliza kwa nini anakuficha. Akalia. Alisema ukijua utamchukua Maskati kutibiwa, na Baba alichukuliwa hivyo hivyo akazikwa huko, kaburi lake yeye hajaliona mpaka leo.

Basi mpigie. Mimi hanisikilizi tena, wewe atakusikiliza. Lakini kabla hujataja vidonge wala pumu, mwambie kwanza kwamba hutamhamisha.

Nibusie watoto, na wifi umpe salamu zangu nyingi. Mama naye anakusalimu sana, na amemwagiza Bi Mwatima akwambie dawa imeshamponya.

Wako dada,
Nadhira