Mama, Wananiita Nikachanganye Dawa

Mama, shikamoo.

Marahaba najiitikia mwenyewe, maana tangu uondoke hakuna anayeivuta kama ulivyoivuta wewe. Hapa nilipo nakaa, nasimama, nakaa tena. Baba amenifukuza ndani, anasema nikiendelea kuzunguka hivi nitachimba handaki sebuleni kwake.

Habari yenyewe ni hii. Nimemaliza Darasa la Kumi na Mbili, na kabla hatujatawanyika mkuu wa shule, Mzungu wetu mrefu mwenye kikohozi kisichokwisha, aliniita ofisini. Akasema nimepata nafasi ya kwenda Dar es Salaam kusomea kazi ya kuchanganya dawa za hospitali. Moja kwa moja. Hakuna mtihani, hakuna kuhojiwa, eti kwa sababu kemia yangu inaridhisha. Wenzangu watazunguka wakibisha hodi, mimi nimefunguliwa mlango kabla sijabisha. Na hicho ndicho kinachoniudhi, mama. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuingia. Treni ya kwenda Tanga, ambako nitaunganisha safari ya Dar es Salaam, inapita Makanya Jumatatu, na nisipokuwamo nafasi anapewa mwingine.

Ungecheka siku niliyoleta habari hizi nyumbani. Mama mdogo alikuwa anapepeta mahindi ya makande. Nikamwambia kwa furaha kwamba serikali imenichagua nikajifunze kuchanganya dawa. Ungo ukamponyoka.

"Kuchanganya dawa? Nani amekukosea, mwanangu?"

"Hakuna, mama mdogo. Ni dawa za hospitali."

"Basi hao wa hospitali wamekukosea nini?"

Unajua mwenyewe hapa kwetu mtu akisikia fulani anachanganya dawa, anaacha kula kwa huyo fulani. Kufikia jioni nusu ya Suji ilijua kwamba Waingereza wanafundisha vijana wetu kuua watu kwa sumu. Akina mama walinipita wakiwa wameziba vibuyu vyao vya togwa. Mzee mmoja, sitamtaja, alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama wanapokea na watu wazima.

Nilicheka nao, lakini sikutulia. Mimi nilitaka udaktari. Nilitaka kusubiri mwaka mmoja, nijaribu mtihani wa Makerere, nije kuwa mtu anayeweka mkono kwenye paji la mgonjwa. Mchanganya dawa anakaa nyuma ya dirisha. Anaona mikono tu, inapokea chupa na kuondoka. Dirisha hilo nalijua, mama. Tulisimama mbele yake wote wawili.

Ulikuwa umeteremka bondeni kusaidia mavuno ukarudi unatetemeka. Tukashuka hadi barabarani, lori la mkonge likatubeba mpaka Same, wewe umejifunika kanga mbili kwenye jua kali. Yule bwana wa dirishani akanipa chupa yenye maji machungu akaniambia, "Mwambie mama hii ni yake peke yake. Asimpe mtu." Nikakutafsiria kwa Chasu chetu, nikijiona mtu mkubwa. Ukanijibu, nami nikamtafsiria yeye: "Anauliza, atakunywaje peke yake, watu wakimtazama?" Yule bwana alicheka, kisha akakasirika, kisha akafunga dirisha. Na tulipofika nyumbani nikakuona, kwa macho yangu, unammiminia kijiko mtoto wa jirani, yule binti aliyekuwa mavunoni pamoja nawe. Kesho yake tena. Chupa ikaisha upesi, homa ikarudi, nawe ukaondoka nayo.

Miaka yote hii nimeamini kwamba ulikufa kwa ukarimu na kutokuelewa. Kwetu anayekula peke yake ni mchoyo, na mbaya zaidi anadhaniwa mchawi, na hakuna aliyekaa chini akakueleza kwamba dawa si makande. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu pekee ya kunipeleka Dar es Salaam: nije nikae kwenye dirisha kama lile, niwaeleze kina mama wa huku kwa lugha yao, taratibu, mpaka waelewe.

Leo asubuhi ilikuwa zamu yetu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Tulipokuwa tunayaelekeza shambani nikamwambia baba sababu hiyo. Hakuinua macho kwenye mfereji.

"Nani kakwambia hakuelewa?"

Nikasimamisha jembe langu.

"Mama yako alikuwa anauza ndizi Hedaru kabla hujazaliwa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chako. Alimwelewa yule bwana, neno kwa neno." Akapiga jembe, maji yakageuka. "Yule binti alikuwa na homa ileile, na chupa ilikuwa moja. Nilimgombeza sana. Akaniambia, 'Mimi ngoma yangu nimeshacheza. Huyu bado.'"

Yule binti ameolewa Kwakoa siku hizi. Mwezi uliopita alipita hapa na mtoto mgongoni, akaniamkia vizuri, akaomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo baba ameninyang'anya hata ile sababu moja niliyokuwa nayo. Nimezunguka shamba zima, nimerudi, nimeketi kukuandikia. Nilijiandaa kwenda kumfundisha mtu aliyekuwa anajua. Hukuhitaji maelezo, mama, ulihitaji chupa ya pili, na siku ile hapakuwa na mtu wa kuichanganya. Basi nitakwenda mimi. Makerere wataniwia radhi, au wasiniwie. Siendi kwa moyo mweupe, na sitakudanganya kwamba nimetulia, lakini Jumatatu nitakuwa stesheni na sanduku langu.

Nimekuonea fahari tangu asubuhi. Nimekukasirikia pia, na hasira hii ni mpya, siijui vizuri, sina pa kuipeleka isipokuwa kwako. Ulipomtazama yule binti ukaona bado hajacheza, mimi nilikuwa nyuma yako, nimeshika kizibo cha chupa.

Na mimi, mama, nilikuwa bado.

Kaa salama huko uliko.

Mimi mwanao, kitinda mimba wako.